Jina Lililoteremka Mlimani

Bibi yangu hakuwahi kusema anakwenda mjini. Alijifunga kitenge, akajitwika kapu la ndizi mshare, akatuaga: "Haya wajukuu, mimi nateremka stesheni." Kwake Moshi ilikuwa juu, kwenye migomba ya Old Moshi alikozaliwa na kuolewa. Huku chini kwenye maduka na benki palikuwa ni pale tu gari la moshi lilipokomea. Utotoni nilidhani ni usemi wa wazee. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba bibi alikuwa sahihi kuliko ramani: mji tunaouita Moshi umeazima jina, na wenye jina lao bado wako juu, mwendo wa saa chache kwa miguu, wanalima kahawa.

Siku hizi kila nikirudi nyumbani nakuta mjadala ule ule, vijiweni, kwenye vikao vya harusi, kwenye redio. Moshi itangazweje? Ifanyweje ili watu waje kuishi na kufanya kazi, wajenge viwanda, wafungue ofisi, na vijana wetu wasione kwamba maisha yako Dar es Salaam na Arusha tu? Mji umekuwa ukililia hadhi ya jiji kwa miaka mingi. Mwanza imeipata, Tanga imeipata, Dodoma imeipata mwaka 2018, na majirani zetu wa Arusha wanayo. Moshi, manispaa tangu 1988, imebanwa ndani ya kilomita za mraba 59 na bado inasubiri. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 221,733 ndani ya mipaka hiyo. Mapendekezo ninayoyasikia karibu yote ni ya sura: kaulimbiu, nembo, picha ya kilele cha Kibo iliyopigwa alfajiri kabla mawingu hayajaifunika. Mimi nikaona kwamba kabla ya kumwita mgeni mwingine ni vizuri kujua wageni wa kwanza waliitwaje, na mwenyeji alibaki na nini. Nikaamua kuipanda njia ambayo jina letu liliteremkia, kutoka stesheni hadi Tsudunyi huko Old Moshi, kwa miguu, asubuhi moja ya Januari.

Saa kumi na mbili stesheni palikuwa kimya. Niliinama nikaitazama reli kwa karibu. Mbavu zake zilikuwa nyekundu kwa kutu, lakini juu, pale gurudumu linapopita, palikuwa na ufito mwembamba unaong'aa kama ukingo wa kisu kilichonolewa. Kwa miaka mingi ufito huo ulikuwa umefifia, maana treni ya abiria ilikatika miaka ya 1990, ikaja kurudi Desemba 2019, na watu wakajaa hapa kuipokea, wengine wazee kabisa, wengine watoto waliokuwa hawajawahi kuiona.

Wajerumani walianza kuitandika reli hii Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusuasua: Korogwe 1902, Mombo 1905. Mwaka 1911 ikafika hapa, kilomita 352 kutoka baharini, na ufunguzi rasmi ukafanyika mwanzoni mwa 1912. Boma la Wajerumani wakati huo lilikuwa juu mlimani, Old Moshi, lakini reli haikuweza kupanda mteremko ule. Ikaishia tambarare, kwenye nyika ya joto na homa ambayo Wachagga waliitumia kwa mashamba ya chini na malisho, wala hawakupenda kulala huko. Maofisa wakashuka, wafanyabiashara wakaifuata reli, na kikaanza kijiji cha mabati na maghala. Wajerumani wakakiita Moshi Mpya.

Kwa nini Moshi? Mahali palipojengwa stesheni hapakuwa kwa Mangi, yaani chifu, wa Moshi, wala jina hilo halikutokana na moshi wa treni kama watoto wengi wanavyoambiana shuleni. Lilichukuliwa kwa sababu lilikuwa limeshapata umaarufu. Lilikuwa limeandikwa kwenye barua za Zanzibar, London na Berlin kwa miaka mingi kabla ya kipande cha kwanza cha chuma kutandikwa Tanga. Nani alilipatia umaarufu huo ni habari ya huko juu, nami nilikuwa bado chini.

Nikakata kuelekea katikati ya mji. Akina mama wafagiaji walikuwa wameshafika nusu ya barabara, ufagio wa chelewa unakwenda kushoto kulia bila haraka, na lundo la majani ya mijakaranda linasogezwa pembeni kama mchele kwenye ungo. Sifa ambayo Moshi imeipata nchini bila kuajiri mtu wa kuitangaza ni usafi. Manispaa imeshinda mara kwa mara mashindano ya kitaifa ya usafi wa mazingira, na sheria ndogo ya faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka hovyo inajulikana hadi kwa watu ambao hawajawahi kufika. Nimemwona kwa macho yangu kijana aliyeshuka basi la kutoka Dar es Salaam akitembea na ganda la ndizi mkononi, analiangalia, anaangalia barabara, analiangalia tena, mpaka akapata pipa. Hakuna aliyemkemea. Mji wenyewe ulimwambia. Nadhani tangazo la mahali likifikia hapo, kwamba mgeni anabadilisha mkono wake mwenyewe, ni kubwa kuliko bango lolote la barabarani.

Karibu na mnara wa saa vijana walikuwa wakipakia magari kwa ajili ya mlima: mahema, mitungi ya gesi, trei za mayai zilizofungwa kwa kamba mara tatu. Wenyewe huitana wagumu. Kila picha ya Kilimanjaro inayouzwa duniani, ya Mzungu aliyenyoosha mikono kwenye mita 5,895, nyuma yake kuna kijana wa namna hii aliyebeba chakula cha Mzungu huyo, na picha haimwonyeshi. Nilisalimiana nao nikapita.

Nilisimama muda mrefu mbele ya jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa. Hapa ndipo, kwa imani yangu, Moshi ilipokuwa mji hasa, na hapa ndipo watangazaji wa leo wangepaswa kuja kusoma.

Kahawa iliingia kwa mapadre wa Roho Mtakatifu. Miche ya misheni yao ya Kilema ni ya mwaka 1898. Mwanzoni ilikuwa ni mali ya misheni na walowezi, Wajerumani na Wagiriki waliogawiwa ardhi kubwa kwenye miteremko ya chini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mkuu wa wilaya wa Kiingereza, Charles Dundas, akawahimiza Wachagga waipande arabika kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wakapinga kwa nguvu zote. Walisema mashamba ya Waafrika yatazalisha magonjwa na kuambukiza ya kwao. Lililowauma zaidi lilikuwa jingine: Mchagga mwenye miti yake ya kahawa hatakwenda kuchuma ya mwenzake kwa ujira wa senti. Kenya hofu hiyo ilishinda, na kwa miaka mingi Mwafrika akazuiwa kupanda arabika. Kilimanjaro hofu hiyo ilishindwa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi. Mwaka 1933 kikaundwa upya kuwa chama kikuu cha ushirika, Kilimanjaro Native Co-operative Union, KNCU.

Maneno haya yanasomeka makavu kwenye vitabu, kwa hiyo nitayaeleza kama yalivyoingia nyumbani kwetu. Babu alichuma kahawa mbivu, akaimenya kwa mashine ya mkono jioni ile ile maana ikilala inachacha, akaiosha, akaianika kwenye wavu uliowambwa juu ya miti. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuifunika mawingu yakijikusanya na kuchagua punje mbaya kwa vidole. Ilipokauka aliipeleka kwenye chama cha msingi, akapimiwa, akapewa malipo ya awali. Hayo yalikuwa ya chumvi, mafuta ya taa na deni la dukani. Halafu mlima mzima ukasubiri. Kahawa ikanadiwa Moshi, ikauzwa nje, chama kikapiga hesabu, na miezi baadaye zikaja habari zilizopokezanwa kutoka kihamba hadi kihamba: malipo ya pili yametoka. Ndiyo yaliyoezeka nyumba ya bibi mabati. Ndiyo yaliyomlipia baba karo. Ndiyo yaliyoteremsha watu stesheni kwa mamia kununua shuka, baiskeli na cherehani, mpaka maduka ya Wahindi yakaongeza milango.

Haikuwa pepo. Mwaka 1937 wakulima waliandamana dhidi ya KNCU yenyewe, wakipinga kulazimishwa kuuza kwake peke yake, na ghala kadhaa zikavunjwa. Lakini angalia yaliyofuata chini ya mlima. Kituo cha utafiti wa kahawa kilifunguliwa Lyamungu mwaka 1934. Kiwanda cha kukoboa kahawa, mnada na bodi ya kahawa vikawa Moshi. Mwaka 1963 chuo cha ushirika kikaanzishwa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na mwaka huo huo chuo cha wanyamapori Mweka, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hospitali ya KCMC ikafunguliwa 1971, na mwaka huo huo uwanja wa ndege wa kimataifa kati ya Moshi na Arusha. Watu walikuja kuishi hapa, madaktari, wahasibu, walimu, mafundi, kutoka Pare, Singida, Kagera, India na Ugiriki. Hakuna aliyewaita kwa wimbo. Walikuja kwa sababu palikuwa na wakulima makumi ya maelfu wenye fedha mkononi, na fedha ile ilikuwa inazunguka pale pale ilipolimwa.

Mtu mmoja alijaribu kulitangaza jambo hili kwa makusudi. Thomas Marealle, aliyechaguliwa Mangi Mkuu mwaka 1951 akiwa amesoma Uingereza, alielewa nguvu ya bendera, sikukuu na gazeti. Novemba 10 ikawa Siku ya Wachagga. Baraza la Wachagga likachapa gazeti lake, Komkya. Wageni wakubwa waliofika Tanganyika walipelekwa Moshi waone Waafrika wanaomiliki ushirika wao. Kwa miaka michache Kilimanjaro ilionekana kama nchi ndogo inayojitangaza kwa ulimwengu. Kisha upepo wa Uhuru ukaja na swali lake halali, kwamba tunajenga taifa moja au milima mingi, na mwaka 1960 cheo cha Mangi Mkuu kikafutwa. Sherehe zikaisha. Vyuo na hospitali vilivyokuja baadaye vilisimama juu ya kahawa, wala havikuhitaji sherehe zile.

Kilichouumiza mji zaidi kilikuja mwaka 1976, serikali ilipovivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. KNCU ilirudishwa 1984, lakini aliyewahi kuona mti wa kahawa uliokosa mtu kwa misimu minane anajua hauamki kesho yake. Bei ya dunia ikaanguka, dawa za kahawa zikapanda bei, malipo ya pili yakawa hadithi. Viwanda vilivyokuwa fahari ya mji, cha magunia, cha viberiti vya Kibo, vikafungwa kimoja kimoja. Miaka ya 1990 niliona kihambani kwetu kahawa ikikatwa shina ili nyanya zipate jua. Babu hakusema neno. Aliliokota panga, akalifuta kwa jani la mgomba, akaingia ndani.

Arusha wakati huo ilipata bahati zake. Ilikuwa imefanywa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, ikapata jumba la mikutano, ikapata mahakama ya kimataifa ya Rwanda mwaka 1995, ikaanza kuitwa Geneva ya Afrika. Mlima uko kwetu, lakini watalii wengi hulala kwao kabla na baada ya kuupanda. Najua inauma. Nadhani pia ndiyo sababu tunakimbilia nembo, kwa sababu nembo ni rahisi kuliko kurudisha malipo ya pili.

Jua lilipokuwa limekolea nilikuwa Kiboriloni, penye soko ambalo akina mama wa mlimani huteremkia na wafanyabiashara wa mitumba huwapandia. Njia ya Old Moshi inachepuka hapa kushoto. Mama mmoja alikuwa amepanga ndizi ng'ombe kwenye gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unakwenda juu na miguu? Gari lipo."

"Nataka kuiona njia."

Alinitazama kwa huruma, akanichagulia ndizi mbivu mbili, akakataa hela. "Njia haijahama," akasema. "Ukichoka kaa kwenye mfongo unywe maji." Mfongo ni mfereji wa kumwagilia vihamba.

Njia ilianza kupanda. Joto likabaki nyuma kama mlango uliofungwa, migomba ikafunga pande zote mbili, na harufu ikawa ya samadi, majani mabichi na moshi wa kuni. Hii, au nyingine inayofanana nayo sana, ndiyo njia ya misafara. Na juu yake, nusu ya pili ya karne ya 19, aliketi mtu ambaye namwona kuwa mtangazaji wa kwanza wa Moshi: Mangi Rindi, ambaye Waswahili wa pwani na Wazungu walimwita Mandara.

Nchi yake haikuwa kubwa. Kibosho ya Mangi Sina ilikuwa na nguvu zaidi ya vita, Machame ilikuwa na watu wengi zaidi. Alichokuwa nacho Rindi ni kipaji cha kupokea watu. Alikizungumza Kiswahili kwa ufasaha. Alijua msafara uliotoka Pangani au Mombasa kwa majuma kadhaa nyikani unataka nini: maji, kivuli, ndizi, pombe ya mbege, mahali pa kuweka mizigo bila kuibiwa, na mwenyeji anayeelewa bei. Misafara ikamzoea. Ikaleta nguo, bunduki na baruti, ikaondoka na pembe za ndovu na, lazima isemwe, na watumwa, mateka wa vita vya mangi kwa mangi. Umaarufu wa Moshi ulijengwa pia kwa migongo yao.

Kisha wakaja Wazungu. Johannes Rebmann alikuwa wa kwanza kuuona mlima na kuuandika, Mei 1848, akielekea Kilema akiwa na mwavuli. Alipouliza ule weupe kileleni ni nini, kiongozi wake wa Kiswahili alimjibu kwa neno moja: baridi. Wanazuoni wa Ulaya walibishana kwa miaka kama theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na jibu walikuwa wameshapewa. Mmisionari Charles New alifika kwa Rindi mwaka 1871, akapanda hadi kwenye theluji. Aliporudi baadaye Rindi alimnyang'anya mali, na New akafa mwaka 1875 akirudi pwani. Ukarimu wa Rindi ulikuwa na upande wa pili, na habari za upande huo nazo zilisafiri. Hata hivyo wageni hawakukoma. Harry Johnston alikuja 1884. Askofu Hannington alikuja 1885, na wamisionari wa Kiingereza wakafungua kituo. Mwaka huo huo Rindi alipandisha bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar iliyoletwa na jenerali wake, Mathews, na majuma machache baadaye akaweka alama yake kwenye mkataba wa Wajerumani. Watu husema alikuwa kigeugeu. Mimi namwona mtu anayejaribu kuwafanya wakubwa washindane mlangoni pake, kwa kuwa aliamini wakishindana hakuna atakayeingia ndani. Mwaka 1889 wajumbe wake walisafiri hadi Berlin wakaonana na Kaiser. Fikiria mtu wa mteremko huu, aliyezoea ukungu na mbege, amesimama kwenye ukumbi wa Berlin akitaja jina la Moshi.

Lakini ni Johnston aliyenisimamisha njiani, karibu na daraja dogo la mbao, ndizi ya yule mama mkononi. Alikuja kama mkusanyaji wa mimea na wanyama, na Rindi akampa mahali pa kukaa. Kutoka hapo aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba nchi hii inawafaa Wazungu kuhamia, kwamba hewa ni nzuri, maji ni mengi, udongo una rutuba, na kwamba akipewa watu 40 na pauni 5,000 ataufanya mlima kuwa wa Kiingereza. Ile barua ndiyo tangazo la kwanza ninalolijua la kuwaita watu waje waishi na wafanye kazi Kilimanjaro. Na kila alichokisifu kilikuwa kazi ya mtu. Maji yalikuwa mengi vihambani kwa sababu ukoo fulani ulichimba mfongo kwenye ukuta wa bonde kwa majembe ya mti na ya chuma. Rutuba ilikuwepo kwa sababu akina mama walibeba samadi kwa vizazi. Johnston aliiona mifongo akaistaajabia, akaiandika vizuri sana, kisha uzuri huo huo akaugeuza hoja ya kuwapa wengine. Jasho la mwenyeji likawa chambo.

Waingereza hawakuupata mlima. Makubaliano ya 1886 yaliuacha upande wa Wajerumani, na ule mstari wa mpaka ukapinda kuuzunguka. Hadithi kwamba Malkia Victoria aliutoa zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa mjukuu wake si ya kweli, na ningependa tuache kuwasimulia watalii, kwa sababu inaufanya mlima uonekane kama kitu kilichokuwa mezani kwa mtu, bila watu juu yake.

Rindi alifariki 1891. Mwanawe Meli alirithi kiti na pia wageni wote ambao baba yake aliwaalika. Juni 1892 askari wa Wajerumani chini ya von Bülow walipanda kumwadhibu, wakapigwa, na von Bülow akafa. Agosti 1893 wakarudi chini ya von Schele, na safari hii Moshi ikashindwa. Boma likajengwa kwa nguvu za watu waliobebeshwa mawe. Machi 2, 1900, baada ya tuhuma za njama, Meli alinyongwa kwenye mti huko Tsudunyi, katika kundi la watu 19, viongozi kutoka sehemu mbalimbali. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulikatwa kichwa.

Nilifika kwenye mti huo mchana. Upo, mkubwa, na chini yake pana sanamu ya kichwa cha Meli, kijana mwenye uso uliotulia. Jamaa zake wamekitafuta kichwa chenyewe kwa miongo mingi, wakaandika barua, wakatoa sampuli kwa vipimo. Mwaka 2023 Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vimekutanisha baadhi ya mafuvu yaliyotoka mlimani na ndugu zao walio hai. La Meli halikuwamo. Tangu 2014 Moshi ina udugu na mji wa Kijerumani wa Tübingen, watu wanatembeleana, wanafunzi wanabadilishana, na ni jambo jema. Natamani kila mgeni wa udugu huo apandishwe hapa kwanza, kabla ya kuonyeshwa theluji.

Nilikaa chini ya mti mpaka jasho likakauka. Palikuwa na watoto wawili tu wanacheza na gurudumu la baiskeli. Kutoka pale, migomba ikifunguka, unauona mji wa chini: mabati yanayometa, mnara, njia ya reli kama uzi. Nikafikiria ni vitu vingapi vya kule chini vinavyoishi kwa vya huku juu. Maji yanayowafanya watu wasifu Moshi kuliko miji mingine mingi yanatoka kwenye chemchemi za Nsere na Shiri, kwenye miguu ya mlima huu. Ndizi za Kiboriloni, maziwa ya asubuhi, na hata foleni za Desemba, wakati mabasi kutoka Dar es Salaam yanapojaa na nchi nzima inatutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Kwa majuma mawili vihamba vinawaka taa, mbuzi wanachinjwa, magari yanakosa pa kupita. Kisha Januari, kama siku hiyo, mageti yamefungwa kwa minyororo, na kwenye nyumba ya vyumba sita anabaki bibi mmoja na mlinzi. Nilipita nyumba kumi na moja za namna hiyo kati ya Kiboriloni na mti. Nilizihesabu. Mji unaotafuta watu wa kuja kuishi una watoto wake maelfu waliojenga hapa na hawaishi hapa, na sijasikia kikao kinachouliza ni nini kingewarudisha: kliniki ya karibu, intaneti isiyokatika, kahawa inayolipa, barabara isiyogeuka tope masika.

Juu kidogo ya mti, njia inakutana na mfongo. Mzee mmoja mwenye koti la mvua na jembe begani alikuwa amepiga magoti akiondoa jiwe na kipande cha shina la mgomba kilichozuia maji. Zamu yake ilikuwa imefika. Maji yalisita, yakazunguka, yakapata mlango, yakaingia kihambani kwake kwa sauti ndogo, yakaanza kulowesha shina la kwanza la kahawa. Kahawa changa, niliona, ya mbegu mpya, imepandwa kwa mstari.

"Shikamoo meku."

"Marahaba. Unatoka wapi, mwanangu?"

"Natoka Moshi."

Alisimama taratibu, akauegemea mpini. "Moshi ni hapa," akasema bila ukali. "Wewe umetoka stesheni."

Nikamweleza bibi yangu alikuwa wa ukoo gani. Akaujua. Akanionyesha kwa mkono kihamba cha zamani cha ukoo huo kilipokuwa, ng'ambo ya korongo, na akaniambia mfongo huu huu ndio uliokinywesha, kwamba zamu ya ukoo wetu ilikuwa Jumanne, kuanzia alfajiri hadi jua linapofika juu ya mkuyu. Haijachukuliwa na mtu, akasema. Nilikaa naye mpaka maji yakafika mstari wa mwisho, akarudisha jiwe mahali pake, na akampigia simu jirani kumwambia yanakuja.

Nilishuka kwa daladala jioni. Konda alikuwa anagonga bati akiita, "Moshi, Moshi mjini, wawili twende!" Nilipoulizwa nashukia wapi nikasema stesheni.